Tela Hufuata Namba Ndogo Kuliko Zote

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Hivi gari langu linaweza kuvuta tani ngapi?" Anayeuliza huwa ameshaifikiria injini. Anazijua nguvu za farasi zake, anajua lina gia ngapi, na kama linavuta kwa magurudumu yote manne atakutajia kabla hujamuuliza. Mimi huinama nikachungulia chini ya bampa la nyuma. Injini huwa haina shida. Hata injini ya kawaida italiondoa tela zito pale lilipo bila kelele, na huo ndio mtego wenyewe, kwa sababu kuondoka si kazi. Kazi ni kulishikilia tela likiwa mwendoni, kwenye kona, kwenye mteremko na kwenye upepo wa lori linalokupita, kisha kulisimamisha. Hapo injini haina kauli. Kauli wanayo vipande vichache vya chuma ambavyo ukivikusanya vinajaa kwenye ndoo moja.

Vipande hivyo vinafuatana. Gari lenyewe lina kikomo chake, kimeandikwa kwenye kitabu na mara nyingi kwenye kibandiko cha mlangoni. Chuma cha kukokotea kilichofungwa kwenye chesisi kina bamba lake. Kama ni cha aina yenye tundu la mraba, ule ulimi unaochomekwa humo una namba yake, na pini inayoushikilia pia. Mpira, yaani lile tufe la chuma ambalo tela hulikalia, una namba juu ya kichwa chake. Kikombe cha tela kinachoukalia mpira kina yake, minyororo ina yake, na mkono wa tela, ule mhimili wake unaotokeza mbele, una uwezo wake hata kama hakuna aliyeuandika. Vyuma hivi karibu kila mara vimenunuliwa siku tofauti, kwa watu tofauti, na pengine mmoja wao hakujua kabisa kitavutwa nini. Namba ndogo kuliko zote ndiyo inayotawala. Mpira wa kilo 3,500 ukifungwa kwenye ulimi wa kilo 1,500 unakuwa mpira wa kilo 1,500, hata kama umeulipia bei ya ule mkubwa.

Kuna namba moja ambayo watu huiruka: uzito wa gari na tela kwa pamoja. Gari linaweza kuruhusiwa kukokota kilo 3,000, na lenyewe likaruhusiwa kubeba abiria na mizigo hadi ujazo wake, lakini yote mawili kwa wakati mmoja yasiruhusiwe. Ukijaza familia ndani na mabegi juu ya paa, uwezo wa kukokota unashuka. Kwenye magari mengi unashuka kwa mamia ya kilo. Namba hiyo iko kitabuni, kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua.

Na chuma kisicho na namba? Mimi sikifungi. Najua wapo mafundi hodari wa kuchomelea wanaotengeneza chuma cha kukokotea kwa bomba la mraba na bamba nene, kikaonekana imara kuliko cha kiwandani. Huenda ni imara kweli. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua, naye mwenyewe akiwemo.

Tuanze na mpira, maana hapo ndipo makosa hujificha vizuri zaidi. Kwenye matela madogo utakutana zaidi na vipimo vinne. Ulaya na sehemu kubwa ya dunia hutumia milimita 50. Marekani hutumia inchi: 1 7/8, ambayo ni milimita 47.6, 2, ambayo ni milimita 50.8, na 2 5/16, ambayo ni milimita 58.7. Ile ya mwisho huwezi kuikosea, inaonekana kwa macho. Shida iko kwenye 47.6, 50 na 50.8. Ukiiweka mipira hiyo mitatu juu ya meza, mtu wa kawaida atakuambia ni mmoja.

Kikombe cha inchi 2 kikikalia mpira wa inchi 1 7/8, kinafunga. Lachi inashuka, pini inapita, kila kitu kinaonekana kimekaa. Tofauti ni milimita tatu na ushee. Barabarani, tela likiruka tuta na mkono ukainuka, ile lachi iliyo chini ya kikombe, ambayo kazi yake ni kuushika mpira chini ya kiuno chake, haina cha kushika vya kutosha, na mpira unaweza kuchomoka huku lachi ingali imefungwa. Wapo wanaofika mahali pa ajali, wakaikuta lachi imefungwa na pini ipo, wakadhani mwizi wa miujiza amepita.

Kati ya 50 na 50.8 hadithi inageuka. Kikombe cha inchi kwenye mpira wa milimita 50 kitacheza kidogo na kugonga, na mchezo huo unaongezeka kila kilomita. Kikombe cha milimita 50 kwenye mpira wa inchi 2 mara nyingi kinagoma kufunga, au kinafunga kwa kugongwa na nyundo. Ukiona mtu anashika nyundo kufunga tela, mwambie aiweke chini kwanza, atafute kalipa.

Kalipa ni chombo kidogo na kinamaliza mabishano. Pima kipenyo cha mpira kwa upana, halafu geuza upime kutoka mbele kwenda nyuma. Usishangae ukipata majibu mawili. Mpira huliwa upande wa mbele kwa kuvuta na upande wa nyuma kwa kusukumwa wakati wa breki, kwa hiyo polepole huacha kuwa mviringo. Mpira wa milimita 50 ukishafika 49 mahali popote, umeisha, utupe. Vikombe vingi vya Ulaya vina alama ya kuonyesha kuchakaa ubavuni, yenye eneo la kijani na jekundu. Mshale ukiangukia jekundu baada ya kufunga, kilichochakaa ni mpira au kikombe, na njia ya kujua ni kipi ni kukikalisha kikombe hichohicho kwenye mpira mpya.

Mpira wa kufungwa kwa nati una jambo jingine: shina lake. Kwa kawaida utakuta shina la inchi 3/4 au inchi 1, na matundu ya ulimi yamechimbwa kwa kipimo kimoja. Shina dogo kwenye tundu kubwa linaingia kwa raha, nati inakaza, washa inafunika aibu. Lakini shina halijakaa kwenye ukuta wa tundu, limeshikiliwa na msuguano wa washa tu, na litaanza kutembea. Kama lazima utumie shina dogo, kuna bushi za kujazia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Nyuzi za shina lazima zitokeze nje ya nati. Nati iliyoishia katikati ya nyuzi zake haijafungwa, imewekwa.

Vyuma vya kukokotea vilivyoidhinishwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 55 hubeba alama ya E ndani ya duara, na karibu yake kuna namba mbili ambazo wengi huzitazama bila kuziona: D na S. S ni rahisi, ni kilo ambazo mpira unaruhusiwa kubeba kwa kwenda chini. D imeandikwa kwa kilonyutoni, kipimo cha nguvu ya kuvuta na kusukuma, na ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inasema jambo ambalo akili haitegemei.

D inapatikana hivi: chukua uzito wa gari kwa tani, uzidishe kwa uzito wa tela kwa tani, gawa kwa jumla ya vyote viwili, halafu zidisha kwa 9.81. Gari la tani 2 na tela la tani 2 vinatoa 9.81. Sasa liache tela lilelile, ulifunge nyuma ya gari la tani 3: namba inapanda hadi 11.8 hivi. Tela halijaongezeka hata kilo moja, lakini chuma kilichochapwa D 10.5 ambacho kilitosha jana, leo hakitoshi. Mtu wa kawaida angeapa kwamba gari zito zaidi linapunguza hatari. Kwa uthabiti barabarani, ni kweli. Lakini kiungo cha katikati kinabanwa na miili miwili inayovutana na kusukumana kila gia inapobadilika na kila breki inapokanyagwa, na kila upande ukiongezeka uzito, kinachobanwa ni yeye. Ndiyo maana kuhamisha ulimi na mpira kutoka gari la zamani kwenda gari jipya kubwa zaidi, jambo ambalo watu hulifanya bila kufikiri mara mbili, kunahitaji dakika moja ya hesabu.

Namba ya S inatupeleka kwenye uzito unaoukalia mpira, na hapa sitaharakisha, kwa kuwa ndipo tela linapoamua kama litakufuata au litakuongoza. Ulaya watu hulenga kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa tela lililojaa. Marekani wanasema asilimia 10 hadi 15. Australia huzungumzia 10. Tofauti hizo si ubishi wa bure. Zinatokana na aina ya magari, mwendo unaoruhusiwa kwa matela, na S ya vyuma vya kila upande, maana magari mengi ya Ulaya yana S ya kilo 75 au 100 tu, na huwezi kupakia asilimia 12 ya tani mbili hapo. Kanuni ninayoifuata: uwe karibu na S bila kuivuka, na usishuke chini ya asilimia 5.

Kupima hakuhitaji mashine. Mizani ya kujipimia mwili inatosha ukiweka kipande cha ubao mgumu kati yake na kikombe, kirefu kiasi kwamba mkono wa tela unakaa kwenye urefu uleule utakaokuwa nao ukiwa umefungwa kwenye gari. Tela liwe limepakiwa kama litakavyosafiri na limesimama mahali tambarare. Kama uzito unazidi uwezo wa mizani, chukua ubao mrefu: ncha moja iegemee kwenye tofali, nyingine kwenye mizani, kisha ushushe mkono wa tela kwenye theluthi ya kwanza kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi moja tu. Toa uzito ambao ubao wenyewe uliweka kwenye mizani kabla ya tela, zidisha kinachobaki kwa tatu.

Uzito ukiwa mdogo mno, yaani mzigo umekaa nyuma ya ekseli, tela linaanza kuyumba. Mwanzoni ni kama upepo tu: mkia unakwenda kushoto, unarudi, unakwenda kulia. Chini ya mwendo fulani kila yumbo ni dogo kuliko lililotangulia, na mambo yanatulia yenyewe. Juu ya mwendo huo kila yumbo ni kubwa kuliko lililotangulia. Mpaka huo hauna kibao barabarani, na kila tela lina wa kwake kwa kila jinsi lilivyopakiwa. Likikukuta, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani katikati, usijaribu kulifukuza tela kwa usukani na usikanyage breki za gari kwa nguvu. Kuongeza mwendo ili "kulinyoosha", ushauri unaosambazwa na watu wenye sauti nzito, kunakupeleka zaidi upande usiotaka.

Uzito ukizidi nao una gharama. Tuseme umbali kati ya ekseli za gari lako ni mita 3, na mpira uko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Weka kilo 100 kwenye mpira. Ekseli ya nyuma haiongezewi kilo 100, inaongezewa 140, kwa sababu ile ya mbele imenyanyuliwa kilo 40. Hizo 40 zimetoka kwenye magurudumu yanayoelekeza gari, na kwenye magari mengi ndiyo hayohayo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ukiona madereva wanaokuja wanakupigia taa usiku, huenda taa zako zinawapiga machoni kwa kuwa pua ya gari imeinuka.

Urefu wa mpira kutoka chini ni jambo fupi. Kwa matela madogo kipimo cha Ulaya ni milimita 350 hadi 420 hadi katikati ya mpira, gari likiwa limepakiwa. Unachotaka ni tela kukaa sawa, au pua chini kidogo. Pua juu inahamishia uzito nyuma, na kwenye tela la ekseli mbili inaibebesha ekseli ya nyuma mzigo wa mwenzake. Ndiyo maana ndimi zinauzwa zikiwa zimeshuka au zimepanda kwa viwango tofauti. Pima gari na tela kwanza, kisha nunua ulimi.

Sasa kufunga. Kikombe kinakuja kwa umbo la mkono wa tela: kuna cha kukaa juu ya bomba moja lililonyooka, na kuna cha kukaa pale mikono miwili inapokutana kama herufi A, ambapo kwenye vikombe vya Kimarekani pembe ni digrii 50. Kikombe cha A kilichotanuliwa au kubanwa kwa jeki ili kitoshe si kikombe tena.

Bolti au kuchomelea? Mimi ni mtu wa bolti pale panapowezekana, kwa sababu kikombe kitachakaa na siku moja kitatoka. Vichwa vya vikombe vya chuma cha kusubu havichomelewi kabisa. Joto linakigeuza chuma hicho kuwa kigumu na kinachokatika pale pembeni mwa weldi, na ufa unaanzia mahali usipopaona. Vile vya bamba lililokunjwa, vilivyoandikwa kwamba vinachomelewa, sawa. Lakini usiuzungushie mkono weldi inayoukata upana wake kote, maana hapo umeuchorea mahali pa kuvunjikia. Weldi za urefu, zinazofuata mkono, ndizo zinazodumu. Kama mkono umepakwa zinki, saga zinki yote kwanza: moshi wake unampa fundi homa usiku huohuo. Na klampu ya waya wa kurudishia umeme iwekwe karibu kabisa na kazi, si kwenye rimu ya tela, la sivyo umeme utapitia kwenye beringi za magurudumu na kuziachia vidonda vidogo ambavyo vitakuja kulia baadaye.

Bolti ya kuaminika ina namba kichwani. Ile ya milimita iliyoandikwa 8.8 inasema mambo mawili: namba ya kwanza ni nguvu ya kukatika, megapaskali 800, ya pili ni sehemu ya nguvu hiyo ambapo bolti huanza kunyooka bila kurudi, yaani asilimia 80, sawa na 640. Ya 10.9 ni 1,000 na 900. Za Kimarekani hazina namba, zina mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Kichwa kitupu ni bolti ya mlango wa geti. Irudishe huko.

Kuna kosa moja ambalo nikiliona kwa tela la mtu huwa nasimama. Kikombe cha bomba moja hufungwa kwa bolti mbili zinazopita ndani ya bomba la mraba, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Fundi anakaza, kuta za bomba zinabonyea ndani kidogo, yeye anahisi ugumu kwenye spana anadhani ni bolti imekaza. Hajakaza bolti, amekunja bomba. Baada ya safari moja mbili kuta zimejikunjua kidogo, nati ipo palepale na ile nailoni yake ya kuizuia isilegee, lakini hakuna kinachobana. Kikombe kinaanza kutembea na matundu yanakuwa mayai. Dawa ni kipande cha bomba dogo, bushi, lenye urefu sawasawa na nafasi ya ndani kati ya kuta mbili, bolti ikapita katikati yake. Ukikaza, kuta zinakutana na bushi, mkazo unabaki kwenye bolti. Bushi hiyo ni kazi ya msumeno na tupa. Hakikisha pia sehemu laini ya bolti, ile isiyo na nyuzi, ndiyo inayokaa pale ukuta wa bomba unapokutana na kikombe. Nyuzi zikikaa hapo zitaliwa na ukingo wa tundu.

Upande wa gari, chuma cha kukokotea kifungwe pale tu mtengenezaji wa gari alipoweka matundu ya kazi hiyo. Kabla ya kukikalisha, kwangua ile lami ya kuzuia kutu na rangi nene mahali chuma kinapogusana na chesisi, kisha pitisha rangi nyembamba tu. Lami ni laini. Itabanwa leo, itakuwa nyembamba kesho, na unene uliopotea ni mkazo uliopotea. Kaza kwa spana ya kupimia mkazo, kwa namba iliyoko kwenye karatasi iliyokuja na chuma. Watengenezaji wengi husema urudi ukakaze tena baada ya kilomita 1,000, na wengi hawarudi. Mimi huchora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika katikati, nati imezunguka, na hilo linaonekana bila spana.

Kwenye breki, fikra ya "kikubwa ndicho salama" inagoma. Matela mengi ya kati yana breki za kujisukuma: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma, shina la kikombe linarudi nyuma ndani ya mkono na kuvuta fito za breki. Kifaa hicho kina bamba lenye uzito wa chini na uzito wa juu wa tela kinalolifaa, na ule wa chini una maana yake. Kifaa cha tela la kilo 2,000 kikiwekwa kwenye la kilo 800, tela halina uzito wa kukisukuma ipasavyo, na breki zinachelewa au haziji. Ndani yake kuna shokapu. Ikifa utasikia mshindo kila unapoondoka na kila unaposimama, na wengi huuzoea wakadhani ndivyo tela lilivyo.

Waya wa dharura na minyororo ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi kila kimoja hufanyishwa kazi ya mwenzake. Ulaya, tela lenye uzito unaozidi kilo 750 lazima liwe na breki, na waya wa dharura upo ili gari na tela vikiachana, uvute breki ya mkono ya tela kisha ukatike. Ukatike: tela libaki pale limejifunga. Minyororo kazi yake ni kinyume, kulizuia tela lisiende kwake lenyewe. Waya huo usining'inizwe kwenye shingo ya mpira kwa kuuzungusha ovyo, kwa sababu kikombe kikiruka unaweza kuruka nao. Ufungwe kwenye tundu lake. Minyororo ipishane chini ya mkono kama herufi X, ili mkono ukianguka udakwe kabla haujachimba barabara, na iwe na ulegevu wa kukata kona tu. Australia inataka minyororo miwili kwa matela yanayozidi kilo 2,500. Mimi ningeiweka miwili hata chini ya hapo. Na ifungwe kwenye chuma cha kukokotea, isifungwe kwenye ulimi unaochomoka.

Taa nitazipita haraka. Plagi ya pini 7 ya kawaida ina rangi za kudumu: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe ni waya wa kurudi. Ukiona indiketa ikiwaka taa ya nyuma nayo inapepesa, au ukikanyaga breki kila kitu kinafifia, usibadilishe balbu. Angalia ule mweupe. Umeme umekosa njia ya kurudi unapita kwenye nyumba za jirani. Na usimwachie mpira wa chuma kazi ya kurudisha umeme. Una grisi, na grisi haipitishi.

Kuhusu grisi yenyewe: kikombe cha kawaida kinaipenda, kidogo tu. Kikombe chenye pedi za msuguano za kuzuia kuyumba hakiitaki hata tone, na mpira wake usafishwe mpaka ubaki mtupu, pamoja na rangi yake. Grisi moja iliyopakwa kwa nia njema inaua pedi.

Wanaokokota kwenye barabara mbaya sana huacha mpira kabisa, wakachukua ndoano na pete, ile ya kijeshi, au viungio vya pini vinavyozunguka pande zote. Ndoano inavumilia pembe ambazo mpira hauwezi, inavumilia matope, na inapiga kelele safari nzima kwa sababu pete lazima icheze. Kwa mtu anayepita lami siku nyingi za mwaka sioni faida yake.

Na mpira usitumike kunasulia gari lililokwama. Kamba ya kunyumbulika inayotumiwa kunasulia huhifadhi nguvu kubwa inapovutika, na mpira wenye D na S zake haukuhesabiwa kwa mshtuko huo. Shina likikatika, mpira unaruka kuelekea kwenye kioo cha gari linalovutwa au linalovuta, na watu wamekufa hivyo. Tumia ndoano ya kunasulia iliyoidhinishwa, au kipande cha mraba kinachoingia kwenye tundu la ulimi chenye tundu la shakeli, ile pingu ya chuma yenye pini, na shakeli yenye uzito uliochapwa ubavuni: ya milimita 16 kwa kawaida ni tani 3.25, ya milimita 19 ni 4.75. Shakeli iliyo kimya haina tofauti na ile bolti yenye kichwa kitupu.